Seli za Fundi

4 Machi

Mdogo wangu Fundi,

Mkeo kaniambia siku hizi simu ikilia unaangalia mwanga wake tu, na ukiipokea unasema "ndiyo, ndiyo" kwa kila kitu. Juzi nilikuuliza kama umekula, ukanijibu kwamba mlango utakuwa tayari Ijumaa. Basi tuandikiane. Barua haihitaji masikio.

Nina habari kubwa. Kampuni ya dawa, ile ambayo jina lake limeandikwa kwenye nusu ya vidonge vya kabati lako, imetia saini mkataba na maabara yetu hapa chuoni. Utashangaa kampuni yenye majengo kama mji inatafuta nini kwa watu sita wanaogombania friji moja. Ni kwamba mwanzo wa dawa ni kupapasa gizani, na wao wamechoka kupapasa peke yao. Kwa hiyo wanakuja kwetu, sisi tuliokaa na ugonjwa mmoja miaka kumi na tunaujua hadi tabia zake. Wanaleta mashine, wanaleta kemikali zao elfu nyingi za kujaribu, wanaleta na mratibu wa kutusimamia. Tukipata kitu, kitu ni chao. Tusipopata, wanaondoka. Mashine yao inafanya kwa wiki moja kazi ambayo mimi ningeifanya mpaka nistaafu.

Na ugonjwa huo mmoja ni wetu. Ule wa damu kwenye mkojo, kisha masikio, kisha figo. Ule uliowachukua wajomba zetu wote wawili kabla hawajafika arobaini.

Sasa nacheka kabla sijaandika: naomba mkojo wako. Ndani yake mna seli za figo, na seli hizo zinaweza kukuzwa kwenye sahani. Fomu ya ridhaa nimeiambatanisha. Isome kabla ya kusaini.

Dada yako,
Daktari wa Panya


15 Machi

Dada,

Maisha yangu yote nimesikia watu wakiombwa hela, wakiombwa damu, wakiombwa msamaha. Wa mkojo ni mimi wa kwanza. Mke wangu kacheka mpaka akaketi chini. Kidoti naye anataka kujua kama shangazi yake atauweka kwenye friji pamoja na maziwa. Ana miaka tisa, kila jambo lazima alifikishe mwisho.

Chupa anakuletea mpeleka vifurushi, nimeifunga kwa karatasi tatu. Fomu nimesaini. Kuisoma sikuisoma. Kurasa saba, dada! Mtu anayekabidhi mkojo anahitaji kurasa saba?

Huo ushirikiano wenu nimeuelewa kifundi hivi: kiwanda kikubwa cha samani kimechoka kubuni viti, kinapita kwa maseremala wadogo na kuwaambia, chora wewe, jaribu wewe, ukiharibu ubao usinililie, ukipata kiti kizuri nipe. Nimekosea?

Mimi sijambo. Nafanya kazi mpaka saa sita mchana kisha napumzika, si kwa sababu nimechoka, ni kwamba joto la karakana limezidi. Msumeno siusikii tena, nauhisi mkononi. Kidole nilichojikata kimepona, usimsikilize mke wangu.

Mdogo wako,
Fundi


20 Juni

Fundi,

Barua hii ukiisoma uichome. Mkataba unanikataza kutoa neno nje ya maabara, hata kwa ndugu. Lakini nikinyamaza nitapasuka.

Seli zako zimestawi. Ziko kwenye sahani ndogo ishirini na nne, kila moja na mamia ya vishimo, zimebandikwa namba, hakuna anayejua ni za nani isipokuwa mimi. Tukiziacha, zinavimba na kuchakaa kama zinavyofanya mwilini mwako. Mashine ya kampuni ilizimwagia kemikali zao moja baada ya nyingine, elfu kumi na mbili. Zote hola, hakuna kilichobadilika. Isipokuwa moja, namba 318. Ile ilipogusa seli zako, uharibifu ulisimama. Nilidhani mashine imekosea. Nikarudia kwa mkono wangu mara tano. Ukasimama mara tano.

Mratibu wa kampuni ni mwanamke makini, asiyetabasamu hovyo. Aliziangalia picha zile akasema, "Dokta, hii inakwenda mbali." Nilitoka nje nikasimama nyuma ya jengo nikalia kama mtoto.

Vumilia kidogo, mdogo wangu. Vumilia tu.

Daktari wa Panya


2 Julai

Dada,

Nimesoma mara nne. Sijamwambia mtu.

Nilikuwa na jambo la kukuuliza, lakini barua yako imelimaliza, kwa hiyo sikuulizi tena. Mambo ya hospitali yanaweza kusubiri. Madaktari wanapenda kuharakisha watu, wewe mwenyewe unajua.

Nikifumba macho naziona sahani ishirini na nne, kila moja na mimi mdogo ndani yake, ametulia. Ajabu ya dunia. Mimi hapa napanda ngazi tatu nahema, yeye kule ametulia.

Itachukua muda gani? Mwaka? Niambie mwaka na nitaumaliza hata kwa kutambaa.

Fundi


9 Septemba

Kwa Mtafiti Mkuu, Maabara ya Magonjwa ya Figo

Mpendwa Dokta,

Kama ulivyoarifiwa kwa mdomo wiki iliyopita, kampuni yetu imeungana na kampuni nyingine, na orodha nzima ya miradi ya awali imepitiwa upya. Kamati imeamua kuelekeza nguvu kwenye magonjwa yenye wagonjwa wengi zaidi. Kwa sababu hiyo, ushirikiano wetu na maabara yako unafikia kikomo mwisho wa mwezi huu. Uamuzi huu hauhusiani na ubora wa kazi yako, ambao kamati imeusifu.

Kwa mujibu wa kifungu cha kumi na nne, kemikali namba 318, matokeo yake yote, na seli zilizotumika kuipima ni mali ya kampuni na zitachukuliwa kuhifadhiwa katika ghala letu. Maabara yako haitaruhusiwa kuendelea na kemikali hiyo wala kutangaza matokeo yake bila idhini ya maandishi. Wajibu wa usiri unaendelea kwa miaka saba.

Tunakutakia kila la heri katika utafiti wako.

Mratibu wa Ushirikiano wa Utafiti


14 Septemba

Mdogo wangu,

Nisamehe ukimya. Kazi zilikuwa nyingi, na mashine mbili zimehamishwa, ukumbi mzima umejaa maboksi.

Umeniuliza muda. Sayansi haina kalenda. Mambo yanakwenda, lakini polepole, kuna vikao na makaratasi. Baada ya sahani ni panya, baada ya panya ni wanyama wakubwa zaidi, baada ya hapo ndipo watu, wachache kwanza. Kwa hiyo usikae tu kuisubiri. Fuata unayoambiwa na daktari wako. Kama ametaja kusafisha damu, kubali. Kama ametaja kingine chochote, kubali pia.

Kidoti anaendeleaje na shule?

Dada yako


30 Septemba

Dada,

Barua yako ilikuwa fupi na haikuwa na utani hata mmoja. Nikajisemea, huyu amechoka.

Wameanza kunisafisha damu. Mara tatu kwa wiki, masaa manne kila mara. Viti ni vya ngozi ya bandia, imepasuka, na mguu mmoja wa kiti changu umelegea. Nimemwambia muuguzi nitaleta msumari niukaze, akadhani natania. Tuko wanane kwenye chumba. Jirani yangu ni dereva wa lori, hanyamazi, na mimi simsikii, kwa hiyo tunaelewana vizuri sana. Jumatatu kiti chake kilikuwa kitupu. Wauguzi wakatandika shuka jipya.

Nina ombi. Hiyo 318. Huwezi kunitilia kidogo kwenye chupa ya dawa ya kikohozi? Siombi mengi. Kama ilizituliza seli zangu kule, hizi za huku ni ndugu zake. Nitasaini kurasa saba nyingine, na safari hii nitazisoma.

Miguu imevimba, viatu nimeviweka kando, navaa kandambili hata hospitali. Usimwambie mke wangu kwamba nimekuomba.

Fundi


11 Novemba

Wifi yangu,

Hatujawahi kuandikiana. Mwandiko wangu utauzoea.

Kaka yako, maana nimekuwa nikimwita hivyo ninapomkasirikia, anasema hujajibu barua yake wiki sita. Kila mpeleka vifurushi akipita anasimama dirishani. Leo nilikuwa natafuta mkanda wa kupimia kwenye sanduku lake la zana nikakuta barua yako ya Juni chini ya patasi. Uliandika aichome. Hakuichoma.

Sasa nikuambie kitu ambacho yeye hakukuambia. Mwezi huo huo wa Juni nilipimwa. Figo yangu inamfaa. Daktari alisema ni bahati ambayo watu wanaisubiri miaka. Tarehe ilipangwa, kumi na nane Julai. Tulikuwa tumeshamwomba mama yangu aje kukaa na Kidoti. Kisha mume wangu akageuka ghafla. "Sitaki ukatwe bure," akaniambia. "Kuna kitu kinakuja." Nikamuuliza kitu gani, akatabasamu tu. Nilidhani ni woga. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamnunia, na yeye anatabasamu.

Mwezi uliopita amekubali mwenyewe. Tukarudi hospitali. Wakampima moyo, wakatuambia umechoka mno, hauwezi kubeba upasuaji. Figo yangu bado inamfaa. Yeye ndiye asiyefaa tena.

Hicho kitu kinachokuja, wifi, kiko wapi? Kinakuja lini? Sikuulizi kwa ubaya. Nataka kujua tu nimwambie nini kesho asubuhi.

Mke wa Fundi


13 Novemba

Wifi, na mdogo wangu,

Naandika barua moja kwa wote wawili ili nisipate nafasi ya kusema hivi kwa huyu na vile kwa yule.

Haiji. Tangu mwanzoni mwa Septemba nilijua. Kampuni imeungana na nyingine, wakapitia orodha yao, wakaona watu wenye ugonjwa wetu ni wachache. Walikuja vijana wawili na friji ya kubebeka wakachukua kila kitu. Sahani ishirini na nne nilizihesabu zikitoka mlangoni. Mratibu alinipa mkono. Nikampa wangu.

Nilipokuandikia tarehe kumi na nne nilikuwa nakudanganya, Fundi. Nilijiambia nakulinda. Ukweli ni kwamba sikuweza kuvumilia sura yako ukiisoma, hata bila kuiona. Na kabla ya hapo, Juni, nilikosa vibaya zaidi. Seli kwenye sahani si mtu. Nalijua hilo, nawafundisha wanafunzi wangu kila mwaka. Kemikali nyingi zinazotuliza seli zinaua panya kwa wiki moja. Hiyo 318 hatukuwahi kumpa hata panya mmoja. Sijui kama ingekuponya au ingekuua. Nilikuandikia kama mtu aliyeshika dawa mkononi, kumbe nilikuwa nimeshika picha.

Laiti ungeniambia habari ya figo, ningekuja kukuburura mwenyewe hadi kitandani pa upasuaji. Sisemi hivyo kukugawia kosa. Kosa ni langu.

Siwezi kukutilia kwenye chupa. Hata tone sina.

Dada


21 Novemba

Dada,

Nimekasirika, na sitaki unitulize. Nimekaa na hasira hii siku tano, ndipo nimeshika kalamu. Soma polepole.

Miezi miwili ulinijua mfu na ukaniuliza habari za shule ya Kidoti. Hilo ndilo linaloniuma. Kampuni sina kesi nayo. Hawanijui. Kwao mimi ni namba kwenye sahani. Wewe ulikuwa unanijua.

Haya, hayo nimeyasema. Sasa na mimi nikuambie langu. Barua yako ilipofika Juni nilifurahi, kweli, lakini si kwa sababu ya dawa peke yake. Nilikuwa naogopa kisu. Si changu, cha mke wangu. Nilikuwa nikiamka namwona amelala pale juu ya meza, na mtu anampasua ubavu kwa ajili yangu. Nilikuwa natafuta sababu ya kusema hapana bila kuonekana mwoga. Wewe ukaniletea sababu nzuri, ya kisomi, imeandikwa na daktari. Nikajificha ndani yake. Ungeniambia mara kumi kwamba sahani si mtu, nisingekusikia. Na hapo kosa si la masikio.

Mke wangu hataki kuongea na wewe. Usimlazimishe.

Waulize watu wa ghala lao kama wana habari kwamba mwenye mali bado yuko hai, asije akatozwa kodi ya pango.

Umeona, utani umerudi. Lakini hasira bado ipo.

Kidoti apimwe. Mimi sina ujasiri. Mwandikie mama yake, wewe ndiye unayejua maneno ya kutumia.

Fundi


10 Januari

Wifi,

Ulikuja mazishini, tukakaa chumba kimoja siku tatu, ukanipa vikombe nikakupa vikombe, hatukusemezana. Watu walidhani ni majonzi. Nimeona nikuandikie.

Hukuniuliza alikwendaje. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, kwenye kile kiti. Alikuwa amekaza ule mguu uliolegea wiki moja kabla, kwa mkono wake, muuguzi akamshikia. Nilikuwa nimeketi karibu namenya chungwa. Akanitazama kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Mashine ikaanza kulia, na yeye hakuisikia, akaendelea kunitazama. Walinisukuma nje. Mkononi bado nina chungwa.

Nimekaa na barua zenu zote, zako za sandukuni na zake ulizoniachia mezani siku ya mazishi. Nimezisoma kwa mpangilio, yako, yake, yako. Nilitaka kumpata mtu mmoja wa kumchukia na nimeshindwa. Siku nyingine ni wewe. Siku nyingine ni yeye, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Siku nyingine ni huyo mratibu na mkono wake.

Nilimpeleka Kidoti akapimwe. Sikukusubiri unitafutie maneno. Kuna damu kwenye mkojo wake. Haionekani kwa macho, imeonekana kwa darubini. Masikio bado mazima. Aliniuliza, "Mama, na mimi nitakuwa sisikii?" Nikamwambia aende akaoge.

Usiniandikie tena kunitia moyo. Niandikie unachokijua, na usichokijua uniambie hukijui.

Mke wa Fundi


6 Februari

Wifi,

Naanza na ninachokijua.

Kidoti aanze vidonge vya presha, vile vya kawaida ambavyo wazee wanapewa, hata kama presha yake iko sawa. Kwa ugonjwa huu vinailinda figo. Vimejaribiwa kwa watoto, kwa miaka mingi, na watoto walioanza mapema figo zao zilichelewa sana kuharibika. Na kwa wasichana kama yeye mara nyingi ugonjwa huenda taratibu kuliko kwa wavulana. Haviponyi. Vinachelewesha. Sisi hatukuvijua kwa wakati, Fundi alianza akiwa na miaka thelathini, tayari amechelewa. Jina la dawa na barua ya kumpa daktari wa watoto nimeviweka ndani ya bahasha hii. Apimwe masikio kila mwaka. Hivyo nina hakika navyo.

Sasa nilichofanya. Wiki iliyopita kulikuwa na mkutano wa watafiti hapa chuoni, ukumbi umejaa. Nilipangiwa kuzungumzia jambo jingine. Nikaweka ukutani matokeo yote ya 318: umbo lake, vipimo vyake, picha za seli kabla na baada. Nikasema pia seli zilikuwa za nani. Nikasema kaka yangu mdogo, seremala, alifariki tarehe tatu Desemba, na seli zake ziko hai kwenye ghala ambalo siruhusiwi kuingia. Mratibu alikuwa safu ya tatu. Alikuwa akiandika. Nilipofika hapo aliweka kalamu chini, akainamisha kichwa, wala hakuinuka mpaka watu wengine wote wametoka.

Mlango wa maabara haunifungukii tena, kadi yangu imefungwa. Mawakili wa kampuni wameniandikia, chuo kimeniandikia. Mkuu wa idara, aliyenifundisha mimi tangu mwanzo, aliniita akafunga mlango. "Umefanya nini, mwanangu?" akasema. "Kitu kikishakuwa cha kila mtu, hakuna kampuni itakayotoa pesa kukigeuza dawa. Walikuwa wamekifungia kabatini. Wewe umekitupa barabarani." Huenda ana haki. Watafiti wawili wa mbali wameniandikia kwamba wanataka kukijaribu kwa panya. Wawili tu. Sikuwaahidi kitu na wao hawakuniahidi.

Nisichokijua ni hiki: kama 318 inafaa, kama nimewasaidia watu au nimewaharibia, kama Kidoti atafika uzeeni akiwa anasikia. Sijui pia kama nilifanya vile kwa ajili ya wagonjwa au kwa ajili ya hasira ya mdogo wangu, maana alikufa nayo na mimi ndiye niliyempa.

Daktari wa watoto anaona wagonjwa wapya Jumatatu. Nimewaandikisha. Nitakuja na basi la Jumapili asubuhi ili twende na Kidoti sote. Ukiniambia nikae nje ya chumba cha daktari, nitakaa nje. Ukitaka niingie, nitaingia, na atakachosema nitakueleza neno kwa neno, hata kama ni kibaya.

Wifi yako